Nyimbo za Queen nyumbani: kwa nini waitikiaji wako wanasikika kama mtu mmoja

Mkuu, umeuliza kwa nini nyimbo za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, yaani "We Will Rock You" na kile kipande cha opera cha "Bohemian Rhapsody" ulivyovirekodi chumbani vinasikika vyembamba, ingawa traki ya sauti umeinakili mara 8 na kumwagia mwangwi. Tatizo ni huko kunakili.

Traki mbili zinazofanana kabisa zikipigwa pamoja hupandisha sauti kwa desibeli 6, basi. Ukiisogeza moja milisekunde chache, baadhi ya masafa yanafutana na unasikika kama unaimbia ndani ya bomba. Mwaka 1975 mwimbaji wao Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, pamoja na mpiga gita Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliimba sehemu zile upya tena na tena kwenye tepu ya traki 24. Traki zikijaa, walizikusanya kuwa chache ili wapate nafasi ya kuimba zaidi. Upana ule unatoka kwenye tofauti ndogondogo za pumzi, mkazo na muda, na nakala haina tofauti hizo.

Kwa hiyo imba. Mahali penye sauti tatu, kila sauti irekodi mara 3, jumla traki 9. Maliza sauti ya kwanza mara zote 3 ndipo uhamie ya pili. Ukirukaruka, sikio linavutwa. Aliyeimba kwaya anajua alto anavyoibwa na soprano.

Sauti kuu iimbie sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Waitikiaji warudi nyuma: mara ya kwanza sentimita 60, ya pili 80, ya tatu mita 1. Mdomo uleule, maiki ileile na mahali palepale hurundika ule mlio wa pua wa sauti yako mara 9, na hakuna ekolaiza itakayouondoa wote. Lakini ukirudi nyuma, maiki inasikia chumba. Simamisha godoro nyuma ya mgongo wako, maana maiki nyingi za kuimbia husikia upande wa mbele, na ukuta ulio nyuma yako ndio unaorudisha sauti ndani yake. Blanketi nzito pembeni zinasaidia. Kitenge dirishani hakizuii kitu.

Rekodi kwa biti 24, na kilele cha sauti kwenye kipimo cha programu kisipite desibeli -12. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huijaza kabla ya kuichakata, weka sampuli 128: kwa kilohezi 48 hiyo ni karibu milisekunde 3. Ukiacha 1024 inakuwa 21 kuingia na nyingine 21 kutoka, na utaimba nyuma ya mdundo bila kujua sababu. Ukipenda kuachia sikio moja wazi, kikombe cha hedifoni kisicho sikioni kibane kichwani, la sivyo metronomu, ule mlio wa kuhesabu mdundo, itavuja kwenye traki zote 9.

Kinachoharibu waitikiaji kuliko yote ni S na T. Tisa zikitamkwa kwa tofauti ya kope tu, zinachacharika kama mafuta ya moto. Traki moja pekee itamke herufi hizo mwishoni mwa neno; nyingine ziishie kwenye vokali. Usitetemeshe sauti, na umbo la mdomo liwe moja katika kila traki. Zile sauti za juu kabisa ni falseto, yaani sauti nyembamba ya kichwani, ya Roger Taylor. Usipozifikia, shusha muziki nusutoni 2, imba, kisha pandisha ulichorekodi. Zaidi ya hapo unasikika kama mtoto.

Kwenye kuchanganya, kwa kila sauti peleka traki moja kushoto, moja kulia, ya tatu katikati ikiwa chini kwa desibeli 4. Kata kila kilicho chini ya hezi 120.

"We Will Rock You" ya 1977 haina ngoma wala besi. Mdundo wake ni miguu na makofi, karibu midundo 81 kwa dakika: mguu, mguu, kofi, kimya. Sakafu ya sementi hutoa mlio mkavu usio na kifua, hivyo laza ubao mpana juu ya papi mbili ili chini pawe na hewa, vaa viatu vya soli ngumu. Rekodi mara 8, ukibadilisha viatu na mahali pa kusimama. Halafu fuata kanuni ya Brian May, ambaye alisomea fizikia: ongeza marudio ya milisekunde 11, 17, 23, 31 na 41, kila moja lisikike mara moja tu, likipungua desibeli 2 na kutupwa upande tofauti. Milisekunde 31 ni kama mtu aliye mita 10 kutoka kwako. Namba tasa zina kazi yake: ukiweka 10, 20, 30, 40, zinaafikiana na kuzaa mlio wa hezi 100 juu ya kila pigo. Mwangwi wa kawaida uje mwisho, mfupi.

Gita nalo lifuate njia ya sauti. Gita mbili au tatu zinazopatana, kila moja irekodi noti yake peke yake. Noti mbili zikipita pamoja kwenye ampi (kikuza sauti cha gita) iliyowekwa mkwaruzo huzaa noti za ziada na kuwa tope. Punguza mkwaruzo hadi nusu ya unavyopenda ukipiga peke yako, ongeza kinyanyua sauti kali (treble booster) kabla ya ampi ya mfano wa Vox AC30, na badala ya pleki jaribu sarafu yenye meno pembeni. May hutumia sarafu ya zamani ya peni sita ya Uingereza, na ule mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila noti unatoka hapo.