Nauru na watawala watatu: jibu

Mkuu, umeuliza Nauru, kisiwa cha Pasifiki cha kilomita za mraba 21, kiliwezaje kutawaliwa na nchi tatu kwa mpigo. Kwenye karatasi ni kweli. Mjerumani alikichukua 1888, akanyang'anywa 1914, kisha Ushirika wa Mataifa (League of Nations, uliotangulia UN) ukakikabidhi kwa Uingereza, Australia na New Zealand. Ni udhamini kama wa Tanganyika, ila Nauru ilikuwa daraja C, yaani kutawaliwa kama sehemu ya nchi ya mtawala; sisi B, yaani kama eneo la peke yake. Kazi yenyewe ya kutawala aliifanya Mwaustralia.

Ila kilichowaleta hao watatu ni fosfeti, mwamba wa kutengenezea mbolea. Kwenye ofisi ya kampuni moja Sydney kulikuwa na jiwe la kuzuilia mlango, limetoka Nauru. Albert Ellis, mfanyakazi wa kampuni hiyo, akalipima, kumbe mbolea tupu! Mwaka 1920 serikali zile tatu zikanunua machimbo, zikaunda tume ya kuwauzia wakulima wao kwa bei ya chini kuliko soko la dunia. Mwenye ardhi? Senti.

Uhuru ulipatikana 31 Januari 1968, katikati ya kisiwa pamechimbwa hadi yamebaki mawe yaliyochongoka. Wanauru wakaishtaki Australia kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. 1993 Australia ikakubali kulipa dola za Australia milioni 107, kesi ikafutwa.