Tisheti za marehemu baba zinaleta mawimbi nikiziunga kwilti, nakosea wapi?

SWALI: Habari fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana, mama akanikabidhi nguo zake nimtengenezee blanketi la viraka, hizi wanaita kwilti, awe anajifunika. Nina tisheti sita, mashati manne ya vifungo, tai mbili na sweta moja. Cherehani ninayo na mshono ulionyooka naweza. Nimejaribu kuunga tisheti mbili, mshono umetoka mawimbi mawimbi na kiraka kimoja kimekuwa kirefu kuliko kingine, wakati nilivikata sawa kabisa. Sasa naogopa kugusa zilizobaki. Na je, nizifue kwanza? Bado zina harufu yake.

JIBU: Pole sana dada yangu, na umefanya vizuri kusimama hapo hapo kabla hujakata zote. Hukukata vibaya. Ulikata mapema tu.

Tisheti haijafumwa kama shati. Shati ni nyuzi zimepishana, moja juu moja chini, kwahiyo kitambaa kinatulia. Tisheti ni vitanzi vimeshikana kimoja na kingine, ndo maana inavutika, na mara nyingi inavutika zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Sasa ukiiweka kwenye cherehani, yale meno ya chini yanavuta kitambaa cha chini kwenda mbele, huku mguu wa juu unakandamiza na kukizuia kile cha juu, basi cha juu kinasukumwa kidogo kidogo kinarefuka, ukifika mwisho wa mshono unakuta kimezidi nusu inchi na hujui imetoka wapi. Mawimbi yako yametoka hapo.

Dawa yake ni kuiondolea tisheti ule mvutiko kabla mkasi haujapita kwenye kipimo cha mwisho, na unaiondoa kwa gamu, ile stifu yenye gundi upande mmoja mafundi wanayobandika kwa pasi ndani ya kola. Wewe tafuta nyepesi kabisa, ya kola ni ngumu mno, blanketi litakuwa kama boksi. Fanya hivi: kata mbele ya tisheti kipande kikubwa tu cha kama inchi 15 au 16 kila upande, mchoro ukiwa katikati, usihangaike na unyoofu kwanza. Kilaze kifudifudi. Vuta ile gamu kwa mkono uone upande upi hauvutiki, huo uuelekeze kwenye upana wa tisheti, pale inapovutika zaidi. Afu bandika kwa pasi, na hapa watu wengi wanaharibu, usiburuze pasi kama unanyoosha nguo ya kuvaa, iweke, kandamiza sekunde kama 10 hadi 15 (maelezo ya gamu yenyewe yafuate), inua, weka pembeni yake. Ukiburuza unaivuta tisheti ndani ya gundi na mawimbi unayagandisha milele. Acha ipoe kabisa, ndo sasa ukate mraba wa inchi 13.

Jaribu kwanza kwenye mkono wa tisheti ambao hutautumia, tafadhali. Na upande wenye mchoro pasi isiuguse, ile rangi ya plastiki inayeyuka na kunasa kwenye chuma, ukilazimika weka kitambaa cha pamba katikati.

Vile viwili ulivyounga havijaharibika. Fumua, kata uzi kila baada ya mishono mitatu au minne upande mmoja, kisha vuta uzi wa upande wa pili utatoka wenyewe. Vinyunyizie maji kidogo, vilaze bila kuvuta vikauke, vitarudi sehemu kubwa ya umbo lake, halafu bandika gamu.

Inchi 13 nimesema kwa sababu utaacha nusu inchi ya mshono kila upande, kiraka kikimaliza ni inchi 12. Wanaoshona kwilti za vitambaa vipya huacha robo inchi, ila kwa nguo zilizovaliwa mi sipendi, mshono mwembamba kwenye tisheti unachomoka. Kwa hesabu yako, mbele za tisheti sita, mbele za mashati manne, na migongo miwili ya tisheti yenye maandishi, hivyo ni viraka 12. Vipange vitatu kwa vinne, katikati na pembeni weka mistari ya kitambaa yenye upana wa inchi 2 (ukate inchi 3), unapata inchi 44 kwa 58, mama anajifunika vizuri akiwa amekaa. Mistari hiyo itoe kwenye migongo ya mashati, usinunue kitambaa, kila kitu kiwe chake.

Mashati yainue kwenye mwanga kabla ya kuchagua sehemu. Panapopitisha mwanga pamelika, bandika gamu napo. Vifungo viache, funga vyote, pitisha mshono ukingoni mwa ule ubao wa vifungo usiachame, ila hakikisha hakuna kifungo kinachokaribia mstari wa mshono, sindano itavunjika. Ingekuwa kwilti ya mtoto mchanga ningekwambia ung'oe vyote maana anaweza kukimeza. Na mfuko wa kifuani usiuzibe, mama atapata pa kutia mkono.

Sindano weka ya ncha ya mviringo, namba 80/12 au 90/14. Ya kawaida kali inakata vitanzi, baada ya kufua mara kadhaa unaona vitundu vimepanga mstari kando ya mshono. Urefu wa mshono milimita 2.5 panatosha.

Kufua. Kitaalamu ndiyo, fua zote, bila kile kimiminika cha kulainisha nguo maana gundi haishiki. Mafuta ya mwili yakibaki kwenye nguo nayo gamu inabanduka. Lakini harufu ikiondoka hairudi, kwahiyo kabla hujaloweka chochote kaeni na mama mchague nguo moja, ile ambayo akiinusa anamwona, isifuliwe, isikatwe, itieni kwenye mfuko unaofungwa vizuri muihifadhi. Sweta linafaa sana kwa kazi hiyo, na kulikata lina tabu yake, linafumuka. Tai ukitaka kuziongeza, usizitie majini, zikiwa za hariri rangi inaweza kuchuja. Zifumue nyuma, toa kile kitambaa kigumu cha ndani, pasi ya moto mdogo, na kwa sababu tai hukatwa mshazari inavutika, nayo inataka gamu.

Madoa msiyapige dawa kali. Mwaka 1942 kule Gee's Bend, Alabama, Marekani, Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, aliunga nguo za kazi za marehemu kuwa kwilti ya kujifunika amkumbuke, na nguo zile zimepauka na zina madoa, kazi yote ya yule bwana unaiona. Doa la wino mfukoni ni la baba yenu.

Ukimaliza uso, yaani ule upande wa viraka, tandaza bitana, pamba ya katikati, kisha uso, piga bandi (mishono mirefu ya muda) tabaka zote tatu zisihame. Pamba halisi husinyaa asilimia kama 3 hadi 5 ikifuliwa, poliesta haisinyai, kwa tisheti zilizobandikwa gamu mi nakushauri poliesta nyembamba. Kwa mara ya kwanza usijaribu kushona nakshi juu yake, funga tu vifundo vya uzi mzito kila inchi 4, vinashika vizuri na mkono unaweza.

Anza na tisheti ambayo hamuijali sana, hiyo ikae kona ya chini. Ile aliyoipenda kuliko zote iwe ya mwisho kukatwa, wakati huo mkono wako utakuwa umeshazoea.