Usihesabu Kilichokatwa, Uliza Kilibeba Nini

Nilikuwa mtu mbaya sana wa kutazama naye filamu. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia, wala hakunizungusha. Tulikuwa tunatazama The Martian, mimi kitabu nimeshakimaliza mara mbili, yeye hajui lolote, na kila baada ya dakika chache naropoka: hapa pamerukwa, hii imebadilishwa, huyu kitabuni hakusema hivyo. Alivumilia mpaka pale mhusika anapopanda viazi. Akashika rimoti, picha ikaganda, akanigeukia. "Kaka, basi nisimulie wewe, tuzime hii."

Nilinyamaza, lakini mkono haukunyamaza. Nilikuwa na daftari gizani, na kufikia mwisho lilikuwa na tofauti 31. Nililisoma tena wiki iliyofuata nikitaka kuandika makala ya kuishambulia ile filamu, nikakuta halinisaidii kitu. Rangi ya hiki, jina la yule, siku 549 zikawa 561. Orodha ndefu, na hakuna hata mstari mmoja ulionieleza kwa nini nilitoka na kinyongo.

Tangu hapo nimebadilisha swali, na ndilo ninalompa kila anayeniuliza namna ya kulinganisha riwaya ya kisayansi na filamu yake. Ukiona kitu kimeondolewa, jiulize kilikuwa kimebeba nini. Nyumba ina nguzo na ina mapambo. Mapambo ukiyatoa, nyumba inabaki nyumba. Nguzo ukiitoa, lazima kuwe na kingine kinachoshika paa, na hapo ndipo pa kutazama kwa makini. (Kuanzia hapa nafichua miisho ya hadithi mbili. Umeonywa.)

Tuanze na hiyo hiyo The Martian. Andy Weir aliitoa kwanza sura moja moja kwenye tovuti yake, bure, na wasomaji waliojua kemia na fizikia wakawa wanamsahihisha. Mwaka 2011 akaichapisha mwenyewe, na mwaka 2015 Ridley Scott akatoa filamu, mswada ukiwa wa Drew Goddard. Kisa ni cha mwanaanga Mark Watney, anayeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi baada ya wenzake kuamini amekufa. Sehemu kubwa ya kitabu ni shajara yake. Unasoma mtu akipiga hesabu: chakula kipo cha siku ngapi, maji lita ngapi, umeme kiasi gani. Hesabu ndiyo hadithi yenyewe.

Sasa mtu akipiga hesabu kichwani, kamera itatazama nini? Filamu ililijibu swali hilo vizuri kuliko nilivyokubali usiku ule. Shajara ya maandishi ikawa ya video, Matt Damon anaongea na kamera zilizotapakaa kila kona ya kituo, na utani wake unabaki hai. Kitu kimebadilika umbo, mzigo kimeubeba vilevile. Hapo mimi sina ugomvi.

Chukua pia suala la maji. Kitabuni Watney anachoma haidrojeni inayotoka kwenye mafuta ya roketi ili apate maji, kisha anagundua kwamba haidrojeni nyingi haikuungua, imejaa tele ndani ya kituo, na yeye anaishi ndani ya bomu. Kurasa nyingi zinapita akitafuta namna ya kuipunguza bila kujilipua. Filamu imeyafupisha yote hayo kuwa mlipuko mmoja na mtu anayerushwa nyuma huku anatoa moshi. Kwenye daftari langu hilo lilikuwa kosa namba 9, nimelipigia mistari miwili. Leo nalifuta. Sehemu ile kitabuni inatuonyesha kwamba Watney ni hodari, anakosea, na anajicheka. Filamu imetupa mambo yote matatu ndani ya dakika chache, na filamu nzima ina takriban dakika 140 tu.

Kinyongo changu kilikuwa kwingine, na nilichelewa kukiona kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Kitabuni, Watney anafukua chombo cha zamani cha Pathfinder, kilichotua Mirihi mwaka 1997, na kwa msaada wake anapata mawasiliano na dunia. Baadaye, akiwa anatoboa gari lake kulitayarisha kwa safari, anaiegemeza mashine ya kutobolea kwenye meza ambayo Pathfinder imeunganishwa nayo. Shoti. Chombo kimekufa, na mawasiliano yamekwisha. Anachoweza kufanya tangu siku hiyo ni kupanga mawe chini kwa alama za Morse ili setilaiti ziyasome kutoka juu. Wao wanamsikia, yeye hawasikii.

Kisha anaianza safari ya kilomita 3,200 kuelekea roketi itakayomtoa. Njiani kuna tufani ya vumbi. NASA wanaiona. Sisi wasomaji tunaiona. Yeye peke yake haioni, kwa sababu vumbi lile halimpigi usoni, linapunguza mwanga kidogo kidogo tu, na gari lake linategemea jua. Kadiri anavyosonga ndivyo anavyoingia ndani zaidi, na akichelewa kugundua, umeme hautatosha hata wa kurudi. Hakuna wa kumwambia. Anagundua mwenyewe kwa kuona betri zinajaa polepole kuliko kawaida, anaacha vipimo vya kujiundia umbali tofauti, analinganisha, na kwa hesabu hiyo anajua ukingo wa tufani uko upande gani. Mimi hapo nilisimama, nikazunguka chumba, nikarudi kukaa.

Filamu haina shoti, haina mawe, haina tufani ya njiani. Mawasiliano yapo mpaka mwisho, na safari nzima inapita kwa muziki na picha nzuri za jangwa jekundu. Hiyo ndiyo nguzo. Sehemu ile ndiyo iliyobeba upweke. Bila hiyo, nusu ya pili ya filamu ni ya mtu aliye mbali sana na nyumbani lakini ana watu wa kuongea nao, na hiyo ni hadithi nyingine. Ni nzuri, sikatai, lakini nyingine.

Baada ya kuliona hilo, nikaelewa pia kwa nini mwisho umeongezewa chumvi. Kitabuni Watney anapendekeza kwa utani atoboe glovu ya suti yake ili hewa inayotoka imsukume hadi kwa wenzake waliorudi kumchukua, na nahodha wao anakataa. Kwenye filamu anafanya kweli, anaruka angani akiyumba, na nahodha mwenyewe ndiye anayemdaka, wakati kitabuni anadakwa na mwenzao Beck. Zamani ningesema wametia upuuzi. Sasa naona waliondoa hofu katikati, wakalazimika kuilipa mwishoni.

Jambo dogo kabla sijaendelea. Tufani ya mwanzo, ile inayowafanya wenzake wakimbie, filamu imekifuata kitabu kwa uaminifu kabisa, na ndicho kitu cha uongo kuliko vyote kisayansi. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya hewa ya duniani. Upepo wake hauwezi kuangusha roketi. Weir mwenyewe amekiri alilijua hilo. Kwa hiyo anayesema filamu nzuri ni ile inayofuata kitabu neno kwa neno, nami namuuliza: hata hapo?

Mfano wa pili nauleta kwa ufupi kwa sababu nguzo iliyotolewa ni moja tu, na paa lote lilikuwa juu yake. I Am Legend (yaani "Mimi ni Hekaya") ya Richard Matheson ni ya mwaka 1954. Robert Neville anaamini ni binadamu wa mwisho. Mchana anawaua walioambukizwa ugonjwa uliowageuza viumbe vingine, wakiwa wamelala, usiku anajifungia. Mwishoni anagundua kwamba baadhi yao wameanza kujenga jamii yao mpya, na kwao yeye ndiye zimwi, muuaji anayekuja watu wakiwa usingizini. Yeye ndiye hekaya ya kutishana. Jina la kitabu linakufungukia kwenye sentensi ya mwisho.

Filamu ya mwaka 2007 yenye Will Smith, ile iliyooneshwa kumbini, ilimfanya Neville ajitoe mhanga ili dawa iwafikie walionusurika. Hekaya ikawa na maana ya shujaa. Jina lile lile, maana imepinduliwa. Na ajabu ni kwamba walikuwa wamerekodi mwisho mwingine uliotoka kwenye DVD, ambamo kiongozi wa wale viumbe amekuja kumfuata mwenzake wa kike, na Neville anazitazama picha ukutani za wote aliowafanyia majaribio wakafa. Ule ungeshika paa. Ukiwa na nafasi, tazama miisho yote miwili siku moja. Hakuna darasa la kulinganisha ninalolijua linalolishinda hilo.

Watu huniuliza waanze na kipi. Mimi nasema inategemea kitabu kimesimama juu ya nini. Kikisimama juu ya maelezo, kama The Martian, tazama filamu kwanza: utakuwa na picha ya gari na kituo kichwani, na zile hesabu hazitakuchosha. Kikisimama juu ya siri ya mwisho, soma kwanza, kwa sababu siri hiyo huisikii mara ya kwanza mara mbili. Na kati ya kimoja na kingine pitisha wiki mbili tatu. Ukivifuatanisha usiku mmoja utakuwa mhasibu kama mimi na daftari langu. Ukisubiri, madogo yanasahaulika yenyewe, na linalobaki linakukera ndilo la kuandikia.

Mdogo wangu kitabu nilimpa miezi baadaye, bila neno. Sikumsikia kwa siku kadhaa. Kisha usiku mmoja simu ikaita, saa sita imeshapita, na hata salamu hakutoa.

"Kaka, ina maana hawawezi kumwambia? Kabisa?"

"Umefika wapi?"

"Kwenye vumbi," akasema. "Mbona hukuniambia kuna hii?"