Wanafunzi Wangu Waliokota Taka, Lakini Walijifunza Nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 8 katika shule moja ya Mikindani, Mombasa. Wanafunzi wangu wengi wamepoa: wanahudhuria na kunakili, lakini mawazo yao hayako darasani. Kwa kuwa Mtaala wa Umilisi unatutaka tuyahusishe masomo na jamii, muhula uliopita niliwapeleka kuokota taka kando ya hori ya Tudor. Walichangamka siku hiyo moja tu, na mzazi mmoja akaja kuniuliza kama mwanawe ameletwa shuleni kusoma au kufagia. Nilikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, usivunjike moyo, na usimkasirikie mzazi huyo. Katika shule zetu kazi ya mikono imetumiwa kwa miaka mingi kama adhabu, aliyechelewa akifyeka nyasi na aliyepiga kelele akiosha choo, hivyo mzazi anaposikia mwanawe ameshika ufagio hudhani ameadhibiwa. Huduma huwa somo pale tu ambapo mwanafunzi hawezi kuitekeleza vyema bila yale unayomfundisha, na pakawa na mtu nje ya shule anayeyasubiri matokeo yake. Mwanafalsafa wa Marekani, John Dewey, alishaeleza mwaka 1938 kwamba si kila jambo analolipitia mtu humwelimisha.

Rudini kwenye taka zile zile. Azimeni mizani dukani, wanafunzi watenge chupa, nyavu kuukuu, vitambaa na mifuko, na uzito wa kila fungu uandikwe daftarini. Asilimia na grafu zitatoka hapo, nao watazikokotoa kwa hamu kwa sababu takwimu ni zao wenyewe. Wakiokota mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyopigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, waache wajiulize imepitia wapi hadi kufika hapo. Kisha, katika kipindi cha Kiswahili, wamwandikie mwakilishi wadi barua rasmi. Nilipokuwa nikifundisha, nilimwona mvulana ambaye insha zake hazikuzidi mistari minne akifuta anwani na kuiandika upya mara tatu, kwa kuwa alijua barua ile itafika ofisini.

Mkiwa na muhula mzima, mimi ningechagua mikoko. Watoto wengi wa mjini hawajui kwamba mbegu ya mkoko huota ingali inaning'inia mtini, na kwamba kile kijiti kirefu cha kijani kinachodondoka topeni tayari ni mche. Shirikianeni na wenyeji wanaotunza vitalu, mwende maji yakiwa yamekupwa, na kila mwanafunzi awe na mche wake wa kupima kila baada ya wiki mbili. Atakayechutama na rula yake na kukuta wa jirani umekauka atauliza sababu kabla hujauliza wewe. Wasomee pia habari za Gazi, kaunti ya Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 hulipwa kwa ajili ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yakasaidia shule na maji ya kijiji.

Kila mrudipo, tengeni nusu saa waandike walichokiona na kilichowatatiza. Nusu saa hiyo usiikate hata ratiba ikibana.

Na mzazi yule mwalike siku ya kuwasilisha barua. Mwanawe ndiye apewe kazi ya kuieleza grafu.