Kurekodi mwendo wa nyota ukiwa Dodoma

Miongozo mingi ya kutengeneza video zinazoharakisha mwendo wa anga la usiku kwa kuunganisha picha nyingi imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani, na mkazi wa Dodoma anayeifuata neno kwa neno atakesha bure. Humtaka aanze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu, takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, haionekani. Kisha humwahidi kwamba kitovu cha Njia ya Maziwa, ule utepe hafifu wa nyota, kitakaa chini karibu na upeo wa macho, ilhali hapa, mwishoni mwa Julai, majira ya saa nne na nusu usiku, kitovu hicho huwa kimepanda juu mno kuweza kuingia katika picha moja na miti.

Ndiyo maana nashauri kazi ianze mwishoni mwa Mei. Mvua huwa zimekwisha, na kitovu huchomoza kusini-mashariki mnamo saa mbili usiku, giza likiwa limeshatanda, kisha hupanda karibu wima, kwa hiyo mbuyu ulioko pembeni ya picha unatosha kumwonyesha mtazamaji jinsi anga linavyosogea. Chagua siku za mwezi mwandamo, ambapo hilali hutua mapema.

Mahali pa kupigia picha pachaguliwe kwa kuangalia mwelekeo kabla ya umbali. Anayekwenda Bahi na kuelekeza lenzi kusini-mashariki anautazama mwanga wa jiji lenyewe, pamoja na ule wa Mtumba, mji wa serikali, nyuma yake, hata kama amesafiri mbali. Mimi hupendelea barabara ya Iringa, baada ya kupita Mpunguzi, kwa sababu jiji hubaki mgongoni. Fika kabla ya jua kutua na umwone mwenyekiti wa kijiji. Ukianza na “mbukwa”, salamu ya Kigogo, na kueleza unachokifanya, hakuna atakayeshangaa kukuona porini usiku na taa kichwani.

Mipangilio ya kamera haina makuu: lenzi pana iliyofunguliwa hadi f/2.8 ikiwezekana, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kati ya 1600 na 3200, na sekunde 20 kwa kila picha. Fokasi ndiyo inayohitaji subira. Kuza nyota moja angavu kwenye kioo cha kamera, zungusha pete ya lenzi polepole hadi nyota iwe ndogo kabisa, ipitilize kidogo, uirudishe, halafu ibane pete kwa kipande cha gundi ya karatasi. Zima pia kile kipengele cha kupunguza chenga katika picha za muda mrefu, kwa kuwa baada ya kila picha kamera hupiga nyingine ya giza yenye urefu uleule, na nyota zitaonekana zikirukaruka.

Kuanzia Juni, upepo wa Dodoma utakusumbua kuliko kitu kingine chochote. Usirefushe miguu ya stendi, vua mkanda wa kamera usije ukapigapiga, na ufunge mfuko wa mawe chini ya stendi kwa namna ambayo mfuko unagusa ardhi, kwani ukining'inia hubembea na kuitikisa kamera badala ya kuituliza. Vumbi la kwenye lenzi lipeperushwe kwa kipulizio. Kulifuta kwa kitambaa ni kukikwaruza kioo.

Video ya sekunde 10, kwa fremu 25 kila sekunde, inahitaji picha 250, na ukiacha sekunde 2 kati ya picha na picha, utakaa hapo kama saa moja na nusu, kwa hiyo pawabenki ni ya lazima. Katika muda huo haikosi bodaboda kupita, na taa yake huuwasha mbuyu mzima katika picha moja. Mimi huifuta picha hiyo, kwa kuwa nyota zikiruka hatua moja ni wachache watakaotambua. Zikiharibika tano mfululizo, ni afadhali kukata kipande hapo na kuendelea na kingine.