Homoni Inayobana Mishipa ya Damu

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu anaugua shinikizo la damu. Alianzishiwa kaptoprili, akashikwa na kikohozi kikavu kilichomnyima usingizi, ndipo kituo cha afya kikambadilishia losartani. Aliambiwa kwamba dawa zote mbili hupambana na homoni moja inayobana mishipa. Ni homoni gani, na mbona kikohozi kimetoweka?
Msomaji, Gulu

JIBU: Homoni hiyo ni anjiotensini ya pili, kipande kifupi cha protini chenye asidi amino (viungo vinavyounda protini) 8 tu. Chanzo chake ni protini ndefu, isiyo na makali yoyote, inayotolewa na ini. Figo zikihisi kwamba damu inazifikia kwa nguvu hafifu, hutoa renini, kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali mwilini) ambacho huikata protini hiyo na kubakiza asidi amino 10. Kisha kimeng'enya kingine kilichomo kwenye kuta za mishipa, hasa ya mapafu, hunyofoa 2 za mwisho, na hapo ndipo homoni hupata nguvu.

Ikifika kwenye ateri ndogo, hunasa kwenye vipokezi (sehemu zinazopokea ujumbe wa homoni) vya seli za misuli iliyouzunguka mshipa. Kalsiamu huongezeka ndani ya seli hizo na misuli hujikaza. Kubanwa huko si jambo dogo, kwani kanuni ya mtiririko katika bomba jembamba huonyesha kwamba kipenyo kikipungua hadi nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Isitoshe, homoni hiyo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, nayo huzifanya figo zizuie chumvi na maji. Tusiichukie, hata hivyo: mtu aliyevuja damu nyingi au aliyeharisha sana huihitaji ili shinikizo lisiporomoke.

Kaptoprili, iliyobuniwa kutokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili na kuidhinishwa Marekani mwaka 1981, huzuia kile kimeng'enya cha mapafuni. Bahati mbaya, kimeng'enya hicho ndicho pia huvunja bradikinini, kemikali ya mwilini ambayo ikilimbikizana huwasha njia ya hewa na kuleta kikohozi. Losartani hukiacha kifanye kazi yake, ikaziba vipokezi vyenyewe.

Vidonge vya mama visigawiwe mtu mwingine nyumbani, hasa mjamzito, maana figo za mtoto aliye tumboni huitegemea homoni hii ili zikue, na dawa zote mbili zaweza kumdhuru.