Jibu: Kwa nini maduka yanang'ang'ania Parmigiano Reggiano?

Dada, umeuliza kwa nini wenye maduka ya vyakula Italia wanaweka jibini ghali kama Parmigiano Reggiano wakati la bei nafuu lipo. Kubwa ni kwamba haliozi upesi. Limekaa ghalani angalau miezi 12, mara nyingi 24 au zaidi, maji yamepungua, basi muuzaji hana presha ya kulimaliza wiki hii. Halafu tazama ganda lake: jina limechapwa kwa vitone kuzunguka ubavu wote, na chapa ya moto hupigwa baada tu ya mkaguzi kuligonga kwa nyundo ndogo, akisikiliza kama ndani kuna nyufa. Mteja anajionea mwenyewe. Na likipasuliwa mbele ya wateja, zima lina kilo 40 hivi, harufu yake tu inauza! Hata ganda lina wanunuzi, wanalitia kwenye supu.